Migogoro ya kazi ya marubani wa ndege za kikanda nchini Marekani

Migogoro ya kazi ya marubani wa ndege za kikanda nchini Marekani ni mivutano kati ya marubani na mashirika madogo ya ndege yanayorusha safari fupi kwa niaba ya mashirika makubwa kama vile American Airlines, Delta Air Lines na United Airlines. Mivutano hiyo inahusu hasa mishahara, saa za kazi, mapumziko, mafao ya uzeeni na usalama wa ajira.

Abiria wa safari hizi hununua tiketi yenye jina la shirika kubwa na kupanda ndege iliyopakwa rangi za shirika hilo. Rubani aliye mbele, hata hivyo, ameajiriwa na kampuni nyingine iliyopata kazi hiyo kwa mkataba. Kwa sababu ya mfumo huu, marubani wa kikanda wamewahi kushinda madai yao kwa mgomo na baadaye kupoteza ndege walizokuwa wakirusha, kwa kuwa shirika kubwa linaweza kuipa kampuni nyingine kazi hiyo.

Matukio yanayotajwa zaidi katika historia hii ni mgomo wa marubani wa Comair wa mwaka 2001 uliodumu siku 89, ajali ya Colgan Air ya mwaka 2009 iliyoua watu 50, na kupanda kwa ghafla kwa mishahara mwaka 2022 kutokana na uhaba wa marubani.

## Mashirika ya kikanda

Mashirika ya kikanda huunganisha miji midogo na viwanja vikubwa vya ndege ambako abiria hubadilisha ndege. Yalikua haraka baada ya Rais Jimmy Carter kutia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege tarehe 24 Oktoba 1978. Mashirika makubwa yalianza kukusanya safari zao katika viwanja vichache vikubwa, na yakahitaji ndege ndogo za kuwaleta abiria kutoka pembeni.

Mwanzoni safari hizo zilitumia ndege za pangaboi. Katika miaka ya 1990 zilikuja jeti ndogo za abiria wapatao 50, hasa Canadair Regional Jet ya Kanada na Embraer ERJ 145 ya Brazil. Jeti hizi ziliweza kuruka njia ndefu zaidi, na hivyo zikaanza kuchukua safari ambazo awali zilikuwa za ndege kubwa. Kabla ya janga la UVIKO-19, mashirika ya kikanda yalirusha karibu safari 2 katika kila safari 5 za ndani ya Marekani.

Mashirika ya kikanda ni ya aina mbili kwa umiliki:

- Yale yanayomilikiwa na shirika kubwa lenyewe, kama Envoy Air, PSA Airlines na Piedmont Airlines za kundi la American, na Endeavor Air ya Delta.
- Yale yanayojitegemea na kufanya kazi kwa mikataba na mashirika makubwa kadhaa, kama SkyWest Airlines na Republic Airways.

Katika mikataba mingi, shirika kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi na kubeba gharama ya mafuta. Shirika la kikanda hulipwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila safari au kwa kila saa ya kuruka, ndege ijae au iwe tupu. Faida yake hutegemea kubana gharama chache zilizo mikononi mwake, na mishahara ya marubani ni mojawapo. Kampuni inayotoza bei ndogo ndiyo yenye nafasi nzuri ya kupata mkataba unaofuata.

## Mazingira ya kazi

### Malipo kwa saa

Marubani wa Marekani kwa kawaida hawalipwi kwa muda wote wanaokuwa kazini. Hulipwa kwa saa zinazohesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Muda wa kukagua ndege, kusubiri abiria, kukaa uwanjani kati ya safari mbili au kungoja hali ya hewa itulie kabla ya kuondoka mara nyingi haumo katika hesabu hiyo. Rubani anayerusha safari fupi nne au tano kwa siku anaweza kuwa kazini saa 12 na kulipwa saa 6 au 7.

Mikataba mingi huweka kiwango cha chini cha saa zinazolipwa kila mwezi, mara nyingi karibu saa 75. Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani iliripoti mwaka 2014 kwamba rubani msaidizi anayeanza kazi katika shirika la kikanda alilipwa kwa wastani takriban dola 24 kwa saa, yaani karibu dola 22,400 kwa mwaka. Wengi wao walikuwa wametumia makumi ya maelfu ya dola kusomea urubani, mara nyingi kwa mikopo.

### Orodha ya muda wa utumishi

Kila shirika lina orodha ya marubani iliyopangwa kwa tarehe ya kuajiriwa. Nafasi ya rubani katika orodha hiyo ndiyo inayoamua kituo chake cha kazi, aina ya ndege atakayorusha, siku zake za mapumziko na lini atapanda kutoka rubani msaidizi kuwa rubani mkuu. Mshahara nao hupanda kwa kila mwaka wa utumishi.

Rubani anayehamia kampuni nyingine huanza mwisho wa orodha mpya, hata kama ana uzoefu wa miaka 20. Kwa hiyo kuacha kazi kwa sababu ya mazingira mabaya ni hasara kubwa kwake. Shirika linapofungwa, marubani wake hawapotezi ajira tu, bali pia miaka yote waliyoikusanya.

Utaratibu huo unaathiri pia ushindani kati ya kampuni. Kampuni inayokua huajiri marubani wengi wapya ambao mishahara yao ni ya chini. Kampuni isiyokua hubaki na marubani wa muda mrefu wenye mishahara ya juu, na bei yake hupanda. Kwa namna hiyo, uzoefu wa marubani unaweza kuifanya kampuni yao ikose mkataba.

### Kusafiri kwenda kazini

Marubani wengi hawaishi katika mji wa kituo chao cha kazi. Vituo hufunguliwa na kufungwa kadiri mikataba inavyobadilika, na baadhi yake viko katika miji yenye kodi kubwa za nyumba kama New York. Rubani husafiri kwa kiti kilicho wazi katika ndege yoyote hadi kituoni, kisha ndipo huanza zamu. Baadhi yao hupanga kwa pamoja chumba au nyumba karibu na uwanja, ambamo vitanda hutumiwa kwa zamu. Safari hiyo haihesabiwi kuwa kazi na gharama zake kwa kawaida ni za rubani mwenyewe.

Marubani wapya huwekwa pia kwenye zamu ya akiba. Rubani wa akiba hana safari aliyopangiwa, bali hungoja kuitwa na lazima afike uwanjani ndani ya muda mfupi. Kwa anayeishi mbali, zamu hiyo humlazimu kukaa karibu na kituo hata siku ambazo haitwi kabisa.

## Sheria inayosimamia migogoro

Migogoro ya kazi katika mashirika ya ndege husimamiwa na Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, iliyopanuliwa mwaka 1936 ili ihusishe pia usafiri wa anga. Lengo lake ni kuzuia usafiri usisimame ghafla. Chini ya sheria hii mkataba wa kazi haufiki mwisho. Ukifika tarehe iliyowekwa huwa wazi kwa marekebisho, na masharti ya zamani huendelea hadi mapya yatakapokubaliwa.

Kabla ya mgomo kuwa halali, hatua zifuatazo lazima zipitiwe:

1. Mwajiri na chama cha wafanyakazi hujadiliana moja kwa moja.
2. Wakishindwa, Bodi ya Taifa ya Usuluhishi huteua msuluhishi. Hakuna kikomo cha muda wa hatua hii, na bodi peke yake ndiyo huamua lini mazungumzo yamekwama.
3. Bodi hupendekeza suala lipelekwe kwa mwamuzi. Upande wowote unaweza kukataa.
4. Upande mmoja ukikataa, huanza kipindi cha siku 30 cha kutuliza mambo.
5. Siku 30 zikiisha, wafanyakazi wanaweza kugoma na mwajiri anaweza kuwafungia nje au kubadilisha masharti ya kazi. Rais wa Marekani anaweza kuahirisha hatua hizo kwa kuunda bodi ya dharura, na Bunge linaweza kupitisha sheria ya kumaliza mgogoro.

Mazungumzo yanaweza kuchukua miaka mingi huku mshahara wa zamani ukiendelea. Marubani wa Republic Airways, kwa mfano, walipata mkataba mpya mwaka 2015 baada ya mazungumzo ya takriban miaka 8.

Chama kikubwa zaidi cha marubani ni Air Line Pilots Association, kwa kifupi ALPA, kilichoanzishwa mwaka 1931. Kinawakilisha marubani wa mashirika makubwa na ya kikanda pia. Marubani wa Republic wamewakilishwa na chama cha Teamsters. SkyWest, ambalo ni shirika kubwa kuliko yote ya kikanda, kwa miaka mingi limekuwa na kamati ya ndani ya marubani badala ya chama huru cha wafanyakazi.

## Kifungu cha mipaka ya kazi

Mikataba ya marubani wa mashirika makubwa ina kifungu kinachoweka mipaka ya kazi inayoweza kutolewa kwa mashirika ya kikanda. Kifungu hicho hutaja idadi ya viti, uzito wa ndege na idadi ya ndege zinazoruhusiwa. Katika mashirika matatu makubwa, ukomo umekuwa viti 76 na uzito wa juu wa kuruka wa ratili 86,000, sawa na takriban tani 39.

Kwa marubani wa mashirika makubwa, kifungu hiki ni kinga dhidi ya kazi zao kupewa watu wanaolipwa kidogo. Kwa marubani wa kikanda ni dari inayowazuia kurusha ndege kubwa zaidi, hata kampuni yao ikiwa inamilikiwa na shirika hilo hilo. Mgongano huu umeligawa kundi la marubani lenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya marubani wa Comair na Atlantic Southeast Airlines walikishtaki ALPA, chama chao wenyewe, wakidai kwamba kilitetea maslahi ya marubani wa Delta kwa kuwaumiza wao.

## Mgomo wa Comair, 2001

Comair ilianzishwa mwaka 1977 katika eneo la Cincinnati, jimbo la Ohio. Haipaswi kuchanganywa na kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa na jina hilo hilo. Ilikuwa ya kwanza Amerika ya Kaskazini kutumia Canadair Regional Jet, na ilipata faida nzuri katika miaka ya 1990. Delta Air Lines iliinunua mwanzoni mwa mwaka 2000.

Marubani wa Comair walikuwa katika mazungumzo ya mkataba kwa karibu miaka 3. Walidai mishahara bora, mpango wa mafao ya uzeeni, masharti bora ya ratiba na mapumziko, na ulinzi wa ajira. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba wanarusha jeti, tena kwa jina la Delta, lakini bado wanalipwa kama marubani wa ndege ndogo za pangaboi.

Tarehe 26 Machi 2001 marubani wapatao 1,350 waligoma. Comair ilisimamisha safari zake zote, na makumi ya miji ikapoteza huduma yake kwa ghafla. Serikali haikuunda bodi ya dharura. Wakati mgomo ukiendelea, kampuni ilitangaza kupunguza ndege na nafasi za kazi, na wafanyakazi wengine wengi wasio marubani walisimamishwa kazi kwa kukosa shughuli.

Mgomo ulimalizika tarehe 22 Juni 2001, marubani walipopiga kura kuukubali mkataba mpya. Mkataba huo uliongeza mishahara na kuwapa mpango wa mafao ya uzeeni. Kwa muda mfupi ulichukuliwa kama kipimo kipya kwa marubani wote wa kikanda.

Faida hiyo haikudumu. Mashambulizi ya 11 Septemba 2001 yalipunguza abiria kwa kiasi kikubwa, na mashirika makubwa yakaanza kutafuta bei za chini zaidi. Delta na Comair ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Septemba 2005. Mwishoni mwa mwaka 2006 jaji wa mahakama ya ufilisi aliiruhusu Comair kuuweka kando mkataba wa marubani, na mwaka uliofuata marubani walikubali mkataba wenye makato. Delta ilihamishia kampuni nyingine sehemu kubwa ya kazi, na Comair ikafungwa tarehe 29 Septemba 2012. Delta ilitaja gharama kubwa na ndege zilizozeeka kuwa sababu.

Baada ya hapo Comair imekuwa ikitajwa na pande zote mbili. Kwa marubani ni ushahidi kwamba mshikamano huleta mkataba bora. Kwa waajiri ni onyo kwamba kampuni ya kikanda yenye gharama kubwa hupoteza kazi.

## Ajali ya Colgan Air 3407

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege aina ya Bombardier Dash 8 Q400 ya kampuni ya Colgan Air ilianguka juu ya nyumba katika eneo la Clarence Center, karibu na Buffalo, jimbo la New York. Ni aina ya ndege inayojulikana pia Afrika Mashariki, ambako hutumiwa na Air Tanzania na Jambojet. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa pamoja na mtu mmoja aliyekuwa katika nyumba hiyo. Ndege ilitoka Newark, New Jersey, na safari iliuzwa kwa jina la Continental Connection.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, inayojulikana kwa kifupi kama NTSB, iliamua kwamba chanzo kilikuwa kosa la rubani mkuu. Mwendo ulipopungua mno, usukani ulitetemeka kumwonya. Badala ya kushusha pua ya ndege aliivuta juu, na mbawa zikapoteza nguvu ya kuibeba. Mambo mengine yaliyochangia ni marubani kutofuatilia mwendo wa ndege, mazungumzo yasiyohusu kazi wakati wa kushuka, na taratibu pungufu za kampuni kuhusu mwendo katika hali ya barafu.

Uchunguzi huo ulifichua pia maisha ya marubani wa kikanda kwa umma. Rubani mkuu alikuwa akiishi Florida, na usiku wa kuamkia siku ya ajali aliupitisha katika chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark, jambo lililokatazwa na kampuni. Rubani msaidizi, mwenye umri wa miaka 24, aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Alisafiri usiku kucha kupitia Memphis na kufika Newark asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kwa mujibu wa kinasa sauti, alimwambia mwenzake kwamba alijisikia mgonjwa na kwamba angekuwa bado nyumbani asingekuja kazini. Akiwa ameshafika Newark, kujitoa kwa ugonjwa kungemlazimu kujilipia hoteli.

Kuhusu mshahara wake zilitajwa takwimu tofauti, kati ya takriban dola 16,000 na 24,000 kwa mwaka. NTSB ilikuta kwamba kati ya marubani 137 wa Colgan waliokuwa na kituo Newark, 93 walijitambulisha kuwa wanasafiri kutoka mbali kwenda kazini.

Bodi ilisema kwamba uchovu huenda uliathiri utendaji wa marubani hao, lakini haikuweza kupima kwa kiasi gani. Mwenyekiti wake, Deborah Hersman, aliandika maoni yake kwamba uchovu ulistahili kuorodheshwa miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali.

## Mabadiliko ya sheria

Familia za waliokufa ziliunda kundi na kwenda mara nyingi Washington, D.C. kudai mabadiliko. Tarehe 1 Agosti 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria mpya ya usalama wa mashirika ya ndege. Kutokana nayo, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, yaani FAA, ilitoa kanuni kadhaa:

- Saa 1,500 za kuruka. Tangu mwaka 2013 rubani msaidizi lazima awe na leseni ya juu ya urubani, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500 za kuruka. Awali aliweza kuajiriwa akiwa na leseni ya biashara inayopatikana kwa saa 250 hivi. Kuna punguzo kwa waliotoka jeshini (saa 750) na kwa wenye shahada ya urubani ya miaka 4 (saa 1,000) au ya miaka 2 (saa 1,250).
- Mapumziko. Kanuni iliyoanza Januari 2014 inampa rubani mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, yakiwemo nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Awali mapumziko yaliweza kupunguzwa hadi saa 8, ikihesabiwa pamoja na muda wa kwenda na kurudi hotelini.
- Urefu wa zamu. Zamu ya kawaida ya marubani wawili ina ukomo wa kati ya saa 9 na 14, kutegemea saa ya kuanza na idadi ya safari. Rubani hapaswi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 wala saa 1,000 katika siku 365.
- Jina la mrushaji. Anayeuza tiketi lazima amweleze mnunuzi ni kampuni gani itakayorusha ndege.

Kanuni za mapumziko hazikuhusisha mashirika ya mizigo. Muda wa rubani kusafiri kutoka nyumbani hadi kituoni nao haukuwekewa ukomo.

## Kushindanishwa kwa marubani

Mashirika makubwa yenye kampuni kadhaa za kikanda yamekuwa yakitumia ahadi ya ndege mpya katika mazungumzo. Mfano unaojulikana ni wa kundi la American. Mwaka 2013 marubani wa PSA Airlines walikubali masharti ya gharama nafuu kwa kampuni ili wapewe jeti mpya kubwa zaidi. Machi 2014 marubani wa kampuni dada, American Eagle, ambayo ilibadilishwa jina kuwa Envoy Air mwaka huo, walikataa masharti ya namna hiyo kwa takriban asilimia 70 ya kura. Baadaye baadhi ya ndege na kazi za Envoy zilihamishiwa kwingine, huku PSA ikikua.

Viongozi wa vyama wamelalamika kwamba utaratibu huu huwafanya marubani wa chama kimoja kushindania nani atakubali mshahara mdogo zaidi. Mashirika yamejibu kwamba njia fupi za miji midogo hazina faida bila kubana gharama.

## Uhaba wa marubani na kupanda kwa mishahara

Kanuni ya saa 1,500 ilipoanza, marubani wengi wa mashirika makubwa walikuwa pia wakikaribia umri wa kustaafu wa miaka 65. Vijana waliokuwa na saa za kutosha wakawa wachache, na nguvu ya mazungumzo ikaanza kuhama bila mgomo.

Mkataba wa Republic wa mwaka 2015 ulipandisha malipo ya kuanzia ya rubani msaidizi kutoka takriban dola 23 hadi 40 kwa saa. Hata hivyo, Februari 2016 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikitaja ukosefu wa marubani miongoni mwa sababu. Great Lakes Airlines, iliyohudumia miji midogo ya magharibi, ilisimamisha safari zake Machi 2018 kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 lilisimamisha sehemu kubwa ya usafiri, na mashirika makubwa yaliwapa marubani wengi motisha ili wastaafu mapema. Abiria waliporudi, mashirika hayo yaliajiri maelfu ya marubani, wengi wao kutoka mashirika ya kikanda. Ndege za kikanda ziliegeshwa kwa kukosa marubani, hasa marubani wakuu.

Juni 2022 Envoy na Piedmont zilitangaza kwamba rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza atalipwa dola 90 kwa saa, ikiwemo nyongeza ya muda. PSA ilifuata. Agosti mwaka huo Mesa ilitangaza dola 100. Kwa saa 75 kwa mwezi, dola 90 ni sawa na dola 81,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha dola 24 kilichoripotiwa mwaka 2014, rubani wa saa hizo hizo angepata dola 21,600.

Gharama hiyo iliangukia pia miji midogo. Machi 2022 SkyWest iliijulisha serikali kwamba inakusudia kuacha huduma katika miji 29 iliyokuwa ikihudumiwa kwa ruzuku ya serikali, kwa sababu haikuwa na marubani wa kutosha.

## Mjadala

Mashirika ya kikanda yamedai kwamba kanuni ya saa 1,500 ndiyo iliyoleta uhaba, na kwamba wingi wa saa pekee si kipimo cha ubora. Yametaja kwamba marubani wote wawili wa Colgan walikuwa tayari na zaidi ya saa 1,500 siku ya ajali. ALPA na familia za waliokufa wamejibu kwamba kanuni hiyo imeongeza usalama, na kwamba tatizo lilikuwa mishahara iliyowafukuza vijana katika kazi hiyo. Sheria ya FAA iliyotiwa saini Mei 2024 iliiacha kanuni hiyo kama ilivyo, na Bunge lilikataa pendekezo la kuongeza umri wa kustaafu hadi miaka 67.

Suala la msingi la mfumo halijabadilika. Kazi za kikanda bado hutolewa kwa mikataba, na orodha za muda wa utumishi bado hazihamishiki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Mishahara iliyopanda kwa sababu ya uhaba inategemea pia kasi ya mashirika makubwa kuajiri, kasi ambayo hupungua kila uchumi unapoyumba.

## Tazama pia

- Rubani
- Mgomo
- Chama cha wafanyakazi
- Ajali ya ndege
- Delta Air Lines